Rangi ya Senene Si Kitambulisho Chake

Zimetufikia picha tatu kutoka kituo kimoja cha mbali, ambacho jina lake hatutalitaja. Ya kwanza yaonyesha mdudu wa kijani, ya pili wa kahawia, ya tatu mwenye michirizi ya zambarau. Chini yake askari ameandika kwa mwandiko safi: "Aina tatu za nzige." Wote watatu walikuwa senene, tena wa aina moja.

Hatumcheki ndugu yetu huyo. Aliripoti alichokiona, na huo ndio wajibu wake. Lakini tukumbuke kwamba mwezi wa Februari 2020, nzige wa jangwani walipoingia Karamoja, wanajeshi ndio walioitwa kubeba mabomba ya kunyunyizia dawa. Taarifa kama ile yaweza kupeleka sumu Masaka, mahali ambapo wananchi husimamisha mabati na mapipa chini ya taa kali usiku, wapate kitoweo na fedha za karo.

Katika mafunzo ya uafisa tulifundishwa kutambua ndege za kivita kwa umbo: bawa, mkia na pua. Rangi hatukuihesabu, kwani rangi hupakwa upya. Kwa wadudu hawa ni vivyo hivyo. Hata nzige wa jangwani aliye katika kundi huwa wa waridi angali kijana, akikomaa akawa wa njano.

Basi tutazame papasi, zile nyuzi mbili za kichwani. Za nzige ni fupi na nene. Za senene ni nyembamba mno, na hupita urefu wa mwili wake. Kichwa cha senene kimechongoka mbele. Jike wake ana chombo cha kutagia mayai kilichotokeza nyuma mfano wa upanga, ambacho jike wa nzige hana. Na sikio la senene liko katika mguu wa mbele, chini kidogo ya goti. La nzige liko ubavuni mwa tumbo. Atakayecheka na acheke, ndivyo walivyoumbwa.

Picha iliyopigwa kwa juu, vidole vimeziba papasi, haifai kitu. Mdudu apigwe kwa ubavu, kando yake sarafu ili ukubwa ujulikane, kisha kichwa peke yake.

Hata hivyo, picha ina mpaka wake. Yatosha kumtenga senene na nzige, bali kumtenga senene na binamu zake ni kazi nyingine. Wataalamu huchunguza tupa ndogo iliyo chini ya bawa la kushoto la dume, ambayo kwayo huimba, au husikiliza wimbo wenyewe. Vitabu vya zamani vilimwita senene wetu Homorocoryphus nitidulus. Leo anaitwa Ruspolia differens. Ikiwa mabingwa walisahihishana hivyo, askari hana haja ya kuandika jina la aina. Aandike "senene", au "nzige", au "sijui", pamoja na mahali, tarehe na saa. Na mdudu mwenyewe, akipatikana, atumwe pamoja na picha katika kopo kavu lenye kifuniko.