Miguu ya Mtoto Haingoji Likizo

Ndugu mfanyakazi, katika ukurasa huu tunakukumbusha kila mara kofia, miwani na viatu vya kazi. Leo tuseme juu ya miguu mingine: ile ya mtoto wa dada yako aliyebaki mukini.

Unamjua. Alizaliwa nyayo zake zimegeukia ndani. Mzee mmoja akasema ni ulozi, mwingine akasema mama alivunja mwiko, na tangu siku ile mtoto hatolewi nje wageni wakifika. Wote wawili wamekosea. Karibu mtoto mmoja kwa kila 1000 huzaliwa hivyo, wavulana kupita wasichana. Hospitalini huitwa pied bot.

Na dawa ipo. Munganga Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, ndiye aliyeionyesha. Kila juma mguu unanyooshwa polepole kwa mikono, kisha unafungwa plasta. Plasta 5 au 6 mara nyingi zinatosha. Halafu, kwa watoto wengi, mshipa wa kisigino hukatwa kidogo, kazi ya dakika chache, na plasta ya mwisho inakaa majuma 3. Vizuri kuanza katika majuma ya kwanza baada ya kuzaliwa. Jirani yangu aliambiwa katika dispansari moja angoje mtoto akue. Alingoja miaka 2. Mtoto mkubwa naye hutibiwa, lakini kazi inakuwa ndefu.

Watu husema shida ni bei. Mimi nasema shida kubwa ni njia. Hesabu mwenyewe: plasta 6 ni safari 6. Mama wa Mitwaba au Kasenga atapanda lori kila juma, mtoto mgongoni, wakati wa mvua, na plasta ikilowa inaharibika? Atakuja mara mbili, ya tatu atabaki kwake. Tusimlaumu.

Basi alale kwako. Nyumba ni ndogo, najua, yangu pia. Lakini tukifiwa tunalala watu kumi na watano katika vyumba viwili na hakuna anayenung'unika. Mama mmoja na mtoto mchanga, miezi miwili, wanatushinda? Na kwetu mjomba ana neno juu ya mtoto wa dada yake. Siku ya mahari hatulisahau.

Kabla hawajasafiri, uliza hospitalini kama wanafanya kazi hiyo, siku gani ya juma, na kwa bei gani, maana pengine mtoto wa dada hayumo katika karatasi zako za kazi. Plasta ikifungwa, tazama vidole kila siku. Vikivimba, vikiwa baridi au vikigeuka rangi, mrudishe siku ileile.

Sasa jambo linaloharibu kazi yote. Baada ya plasta mtoto huvaa viatu viwili vilivyounganishwa na chuma: miezi 3 mchana na usiku, kisha wakati wa kulala tu, mpaka miaka 4 au 5. Miguu imekwisha nyooka, mtoto analia usiku, bibi anasema mvulie maskini. Wakimvulia, mguu unarudi ulikotoka. Kwa hiyo kila ukipiga simu mukini, kabla ya kuuliza habari za mashamba, uliza viatu.

Dada yako asingoje kiangazi. Mtumie nauli mshahara huu.