UFUNGUO WA MAABARA UKO KWA NANI?



Twaandika juu ya ufunguo. Si ufunguo wa kabini wala wa ghala ya vyuma. Ni ufunguo wa kile chumba cha sayansi cha shule ya sekondari kiitwacho maabara. Twauliza hivi: kwa nini mtu mzima anayetaka kurudi kusoma anaruhusiwa kununua vitabu, anaruhusiwa kukesha na taa, anaruhusiwa kulipa ada ya mtihani kutoka mshahara wake, halafu akifika mbele ya mlango huo mmoja anaambiwa hapana nafasi?

Sisi tunaoandika ni watu wa reli tuliozaliwa Chebunyo, upande wa Chepalungu katika Bomet. Wageni wakisikia Kericho na Bomet hudhani kila mtu ana chai mlangoni pake. Chai iko juu, Kericho na Konoin. Kwetu ni nchi ya chini, ya ng'ombe na mahindi na jua, na anayetaka mshahara hupanda kwenda kuchuma chai ya wengine, au hutoka kabisa. Sisi tulitoka tukaifuata reli, maana reli haikutufuata. (Mchoro wa reli mpya ya kutoka Naivasha kwenda Kisumu unapita Narok na Bomet. Ikifika tutaipokea.) Tulisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, karo ya sekondari ikashinda wazazi. Mwaka 2008 serikali ilipoanza kulipia masomo ya sekondari za kutwa, sisi tulikuwa tumekwisha kushika sururu. Kwa hilo hatumlaumu mtu. Tulizaliwa mapema, basi.

Lakini wengi wetu tumerudi kwenye vitabu. Mmoja wetu ni mtu wa gengi mwenye watoto watatu. Yeye ndiye hufunga vidonda vya wenzake kandokando ya njia kabla gari la hospitali halijafika, na tangu miaka sita sasa ataka kuwa ofisa wa kliniki. Dada ya mwingine huchuma chai, naye ataka uuguzi. Hawa si watu wa kuota ndoto. Wamekwenda kuuliza masharti, wakaambiwa, wakayaandika kwenye karatasi.

Masharti yenyewe ni haya. Kusomea uuguzi wa diploma, iwe Tenwek au Kapkatet au chuo kingine, hapana budi uwe na KCSE ya alama C, na C katika Biolojia, na C katika Kiingereza au Kiswahili, na C- katika Hisabati, Fizikia au Kemia. Uganga wa kliniki wataka Biolojia na Kemia zote mbili. Hatuyapingi masharti haya hata kidogo. Nani kati yetu ataka kudungwa sindano na mtu asiyejua dawa ni nini? Sharti ni halali. Tunalopinga ni mtu kuwekewa sharti kisha kuzuiwa njia ya kulitimiza.

Sikilizeni jinsi mtihani wenyewe ulivyo. Kemia ina karatasi tatu. Ya kwanza alama 80, ya pili alama 80, na ya tatu alama 40, nayo hufanywa kwa mikono ndani ya maabara: kuna bureti, kuna pipeti, kuna asidi ya kupimwa tone kwa tone mpaka rangi igeuke, kuna chumvi isiyojulikana ambayo lazima uitambue. Biolojia nayo ina karatasi yake ya tatu ya mikono, na Fizikia vivyo hivyo. Alama 40 katika 200 ni moja ya tano. Sasa mwambieni mtu ambaye hajapata kushika bureti hata siku moja kwamba ashindane na mtoto aliyeishika miaka minne. Mtu huyo ameanza mbio akiwa nyuma, na kosa si la miguu yake.

Huyu ndugu yetu wa gengi alikwenda katika shule moja ambayo hatutaitaja, akaomba kujiandikisha kama mtahiniwa wa kibinafsi. Walimpokea vizuri, chai akapewa. Biolojia, wakasema, tutakuvumilia. Kemia hapana: dawa ni ghali, vyombo ni vichache, watoto wetu wenyewe hawatoshelezwi. Akasema, nitalipia dawa zangu. Wakasema, si dawa tu, nani atakusimamia? Akasema, nitamlipa mwalimu Jumamosi. Wakasema, Jumamosi maabara hufungwa. Nani ana ufunguo? Mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu yuko wapi? Ametoka. Mara tatu alikwenda, na kila mara ni siku aliyobadilishana zamu na mwenzake. Mwisho akashauriwa kwa upole achukue Historia na Dini, ambazo hazina maabara, "maana wewe unataka cheti tu."

Neno hilo ndilo limetuwasha. Cheti tu! Mtu ataka Kemia kwa sababu chuo chataka Kemia, naye apewa Historia kama mtoto anayelilia maziwa akapewa maji. Historia ni somo zuri, twalipenda. Lakini halifungui mlango wa hospitali. Hivi ndivyo watu wazima wengi wanavyosoma miaka mitatu, wakapasi, wakapongezwa kanisani, kisha wakabaki na karatasi isiyowapeleka popote.

Na nchi hii hupenda sana kumpongeza mtu mzima anayesoma, mradi asome yale madogo. Mwaka 2004 Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza huko Eldoret akiwa na miaka 84, dunia nzima ikampiga picha, na filamu ikatengenezwa. Huko Nandi, Mama Priscilla Sitienei, mkunga aliyezalisha watoto miaka mingi, alikwenda shule ya msingi huko Ndalat, akafariki 2022 akiwa na miaka 99, bado mwanafunzi. Twawaheshimu wote wawili. Lakini angalieni: mzee akishika kalamu ya darasa la kwanza huitwa shujaa. Kijana wa miaka 35 akitaka kushika bureti huitwa msumbufu. Yule wa kwanza anafurahisha. Huyu wa pili atakuja kuomba nafasi ya kazi, na hapo furaha huisha.

Wako wanaosema kwamba sayansi haiingii katika kichwa cha mtu mzima. Je, wamewahi kufanya kazi na sisi? Kila mtu wa gengi ajua kwa nini huachwa nafasi kati ya reli na reli: chuma hutanuka kwa jua, na usipokiachia nafasi kitajikunja na treni itaanguka. Kila mtu wa treni ajua kwamba bomba la hewa likikatika breki hujifunga zenyewe, wala haihitaji kuambiwa. Tuliokaa Londiani twajua maharagwe hukawia kuiva kule kuliko Kisumu, kwa kuwa juu ya mita 2,000 maji huchemka kabla ya kufika digrii 100. Fundi wa betri huzamisha kipimo chake ndani ya asidi. Kikizama sana, betri imekwisha nguvu. Karani wa maziwa kwetu nyumbani huzamisha kipimo chake ndani ya mkebe. Kikizama sana, mwenye ng'ombe ametia maji. Betri na maziwa, kanuni ni moja, na mtihani wa Fizikia waiuliza kanuni hiyo hiyo. Mama zetu hutengeneza mursik katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, nao wajua siku ya ngapi maziwa yamegeuka na kwa nini kibuyu kichafu huharibu yote. Kiwandani wenzetu huliangalia jani la chai likigeuka kutoka kijani kuwa rangi ya shaba kwa kazi ya hewa. Hayo si Kemia?

Hatusemi kwamba ajuaye betri apewe cheti cha Fizikia bure. La hasha. Kujua kwa mkono si sawa na kujua kwa hesabu, na sisi tumeona jinsi mtu hodari wa karakana anavyotoka jasho mbele ya mlinganyo wa Kemia wa mistari miwili. Twasema tu kwamba anayo mahali pa kuanzia, na kazi iliyobaki ni ya miezi, ikiwa kuna mwalimu na chumba.

Wala jambo hili si geni duniani. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipoanza kufundisha mwaka 1971 kilipokea watu wazima wasio na cheti cha sekondari, na wale wa sayansi kiliwapelekea kwa posta sanduku la vyombo vya majaribio, ndani yake hadubini ndogo ya plastiki, wafanye kazi mezani jikoni kwao. Jirani zetu wa Makerere wana mlango wa mtu aliyetimiza miaka 25, ambaye hupimwa kwa mtihani wake mwenyewe. Tanzania wana Chuo Kikuu Huria kilichowekwa kwa sheria ya 1992, chenye kozi ya msingi kwa mtu ambaye vyeti vyake havikutosha. Na hapa kwetu, Wakoloni wenyewe walifungua shule ya mafunzo ya reli Nairobi mwaka 1956, wakafundisha watu wazima mambo ya injini na signali. Walipotutaka tujue, vichwa vyetu havikuwa vigumu.

Sasa tuje nyumbani, maana twataka kusema na viongozi wetu pia, na wasikasirike. Kila mapatano yakijadiliwa twasikia mshahara, nyumba, buti, koti la mvua. Vyema. Lakini ni lini mlipeleka mezani likizo ya masomo? Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mfanyakazi siku 21 za kazi za likizo kwa mwaka. Mtihani wa KCSE, tangu karatasi za kwanza mwisho wa Oktoba mpaka karatasi ya mwisho Novemba, hula majuma manne hivi. Mtu akitumia likizo yake yote kwa mtihani, lini atakwenda nyumbani kuona watoto? Wengine huacha mtihani nusu kwa sababu ya zamu. Na haya yote yanatendeka wakati Kenya ilikwisha kuridhia, tangu 1979, Mkataba namba 140 wa Shirika la Kazi Duniani, ulioandikwa 1974 juu ya likizo ya masomo yenye malipo. Mkataba huo umelala miaka zaidi ya arobaini. Chama kisipouamsha, nani atauamsha? Mwajiri?

Mwakumbuka Tom Mboya. Karo ya kuendelea ilimshinda huko Mang'u, akasomea ukaguzi wa afya Kabete, akaingia katika vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1955 akaenda Ruskin huko Oxford, chuo kilichoanzishwa 1899 kwa ajili ya wafanyakazi. Picha yake hubandikwa ukutani katika ofisi nyingi za vyama. Yafaa wanaoibandika wakumbuke pia kwamba chama ndicho kilichokuwa ngazi yake.

Na muda ni mfupi. KCPE ilifanywa mara ya mwisho 2023. Watoto wa 8-4-4 watafanya KCSE ya mwisho 2027, na wenzao wa mtaala mpya wameingia sekondari ya juu mwaka huu wa 2026. Kwa mtoto njia imechorwa. Kwa mtu mzima aliye na Biolojia mkononi na Kemia bado, twataka njia yake iandikwe kwa wino, ichapishwe, isomwe, kabla ya mwaka huo kufika. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya elimu. Haikusema kila mtoto.

Basi twaomba chama kipeleke barua kwa halmashauri za shule za sekondari zenye maabara, kuanzia Bomet na Kericho na kila mahali penye stesheni: maabara ifunguliwe Jumamosi, na katika likizo za Aprili na Agosti, kwa watu wazima walioandikishwa mtihani. Hatutaki bure. Dawa tutalipia kwa mchango, mwalimu tutamlipa, na chombo kikivunjika aliyekivunja atakilipa, kama tunavyokatwa kwa taa ya mkono ikipotea. Chumba hicho kilijengwa kwa kodi na harambee, na katika harambee hizo mama zetu waliuza kuku. Pili, likizo ya masomo yenye malipo iingie katika mapatano yajayo, hata kama itakuwa ni siku za mtihani tu kwa kuanzia.

Anayetaka kujiunga na kundi la Kemia ampe mwakilishi wa chama wa karakana au gengi lake jina, namba ya kazi, stesheni, na masomo aliyokwisha kupasi, kabla ya mwisho wa mwezi. Wake zenu na dada zenu waandikwe pia, hata wasiofanya kazi ya reli. Tukiwa ishirini, halmashauri ya shule haitaweza kusema mwalimu mkuu ametoka.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Reli wa Chebunyo