Nyanya za Chupa, Si za Lori Tu

Wakulima wa Rombo, maji ya mifereji mnayo na kulima nyanya mnajua. Lakini zikiiva kwa wingi dalali ndiye ataja bei, na asipokuja zaozea shambani. Kwa hiyo nasema kila mkulima atenge mistari michache kwa ajili ya chupa za nyumbani.

Mbegu ichaguliwe. Chotara ya kupanda juu ya kamba, kama Anna F1, huiva kidogo kidogo kwa miezi, na chupa zataka nyanya nyingi siku moja. Afadhali ile fupi yenye nyama nyingi na maji machache. Cal J ni ya namna hiyo, wala si chotara, basi mbegu zake waweza kuweka. Za chotara usiweke. Watoto hawatafanana na mama.

Mama asisahau maji ya limau ya dukani, vijiko viwili vikubwa kwa lita moja (malimau ya mtini ukali wake haulingani), maana nyanya nyingine hazina ukali wa kuzuia sumu. Nyanya zilizopondwa zitiwe chupani zingali moto, chupa zifungwe, zichemshwe zimezama kabisa majini dakika 55. Huku juu maji huchemka kabla ya kufikia joto la pwani, basi msipunguze dakika kwa kuona kuni zinakwisha.