Jini Mahaba au Uzembe Wetu?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Wazazi wenzangu wa Mchinga na pwani yote, yako maradhi tuliyoyapa jina ili tusiyatibu. Kijana akiacha kula, akakonda, akashinda ufukweni peke yake kwa ajili ya mtu aliyemkosa, tunasema: "Ana jini mahaba." Basi huitwa mganga, ikapigwa ramli, kuku akachinjwa na fedha zikaliwa. Majini wapo, Qurani imewataja. Lakini nani kakwambia kuwa hili ni lao? Na umesahau kuwa anayemwendea mpiga ramli hakubaliwi sala yake siku 40?

Kosa hili ni la kale. Waarabu husimulia habari za Kays wa Bani Amir aliyempenda Laila. Alimtangaza kwa mashairi. Baba yake Laila akaona aibu, akakataa posa, akamwoza binti kwa mwingine. Kays akarukwa na akili, akaishi nyikani. Watu wakamwita Majnun, yaani aliyepagawa na majini. La hasha! Jini hakumnyima mke, watu ndio waliomnyima. Naye Kays hana udhuru, kwani ndiye aliyelitia jina la binti wa watu midomoni mwa wapita njia.

Tabibu Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, hakupiga ramli. Aliyahesabu haya kuwa ni maradhi ya fikira. Alielekeza mgonjwa ashikwe mshipa wa mkono huku majina yakitajwa, na apendwaye akijulikana, waozwe kisheria ikiwezekana.

Na isipowezekana? Tumtazame Mtume (S.A.W.). Bukhari amepokea kuwa Barira alipopata uhuru alimwacha mumewe Mughith, naye akawa anamfuata njiani, machozi yakimtiririka ndevuni. Mtume hakumcheka wala hakumwita mwenye jini. Alimwombea kwa Barira. Barira akauliza kama ni amri; akaambiwa ni uombezi tu. Akakataa, na hakulazimishwa.

Basi tuache visingizio. Mwanao akiugua mapenzi, kaa naye umsikilize. Posa ya mtu mwenye dini usiikatae kwa kiburi cha ukoo, wala mahari usiyafanye bei ya jahazi. Na mwanamke akikataa, kijana afundishwe kusubiri. Kuku wa mganga hatafanya hata moja katika hayo.

Wabillahi tawfiq.