Skeli kwanza, mbwembwe baadaye

Wiki iliyopita kuna dogo mmoja wa Kisaka, kule Serengeti mkoani Mara, kanifuata kijiweni kanyong'onyea. Kauza mbuzi wawili aliopewa na babu yake, kanunua gitaa la mtumba. Miezi miwili imekatika, hata wimbo mmoja haujatoka. Washikaji wanamcheka, na babu ameshaanza kuwaulizia mbuzi.

"Kaka, niliuze?"

Nikamwuliza anafanya mazoezi gani. Eti anahangaika na solo za Mbaraka Mwinshehe! Nilicheka, maana ugonjwa huo hata mimi niliugua. Mbaraka wa Morogoro Jazz, aliyefariki mwaka 1979, humkimbizi wakati wewe bado unatambaa.

Kwao Mara kuna litungu, lile la nyuzi nane. Pale kila uzi una sauti yake. Mzee akishazikaza sawasawa, skeli iko tayari inamsubiri. Gitaa lina nyuzi sita na halikupi zawadi hiyo. Sauti zimejificha kwenye shingo, vidole vizitafute.

Haya, sikia. Kama umewahi kuimba kwaya, do re mi unaijua. Anza na skeli ya C. Hesabu nyuzi kutoka ule mwembamba kabisa. Uzi wa tano, freti ya tatu: do. Uzi wa nne ukiwa mtupu: re, freti ya pili: mi, ya tatu: fa. Uzi wa tatu mtupu: so, freti ya pili: la. Uzi wa pili mtupu: ti, freti ya kwanza: do. Kisha rudi ulikotoka. Kidole cha shahada ni cha freti ya kwanza, cha kati ya pili, cha pete ya tatu. Usivichanganye!

Nenda polepole, mguu ukihesabu chini. Imba kile unachopiga. Sauti ikikwaruza, usijifanye hujasikia, rudia. Dakika 15 kila siku zinashinda saa tatu za Jumapili. Ncha za vidole zitauma, lakini zitaota sugu. Ukishazoea, ruka fa na ti. Zinabaki tano, na kwa tano hizo unaweza kutunga vitu vitamu kweli.

Dogo akaondoka shingo upande. Juzi jioni kanipigia simu, kaiweka karibu na gitaa. Do, re, mi, fa... ikakwama kwenye ti. Akarudia. Ikakwama. Akarudia tena, ikapita mpaka do ya juu! Nyuma yake nikasikia sauti ya mzee:

"Hapo sasa. Hebu tena."

Mbuzi hawajarudi, lakini babu kavuta kigoda. Gitaa haliuzwi ng'o!

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.