Je, Yafaa Kasisi Ashike na Upanga?

Bwana Mhariri, tangu muhula uliopita pana ubishi katika bweni letu, na kila Jumamosi jioni huanza upya. Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nitoe maoni yangu, kwa maana ubishi wenyewe ulizaliwa na kosa langu mimi.

Ubishi huo ni juu ya mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Kwa ajili ya kaka zetu waliomaliza shule kabla haujafika hapa, nitaueleza kidogo. Ulitungwa Marekani na mabwana wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, ukatolewa mwaka 1974. Haufanani na bao wala karata. Watu huketi mezani, mmoja huwa msimulizi, na kila mmoja wa waliobaki huwa mtu katika hadithi: huyu mpiganaji, huyu mwivi, huyu mchawi, huyu kasisi mwenye kuponya. Msimulizi huwaletea taabu, nao husema watakalofanya, kisha dadu huamua kama wamefaulu. Kanuni za msingi za toleo la tano, lililotoka mwaka 2014, ziliachwa huru mwaka 2023, mtu ye yote azichape atakavyo. Ndivyo tulivyozipata, tukazifasiri wenyewe. Dadu ya pande 20 hatuna, basi twachomoa vipande 20 vya karatasi katika kopo la maziwa.

Kila mtu wa hadithi huanza daraja la 1, naye aweza kupanda mpaka la 20. Kila apandapo huwa na hiari: aendelee na kazi yake, au aanze kazi ya pili. Jambo hili sisi twaliita kuchanganya kazi. Swali letu ni hili: kasisi, ambaye kazi yake ni kuwasaidia wenziwe, yafaa achanganye na upiganaji?

Mimi nilichanganya, na sababu yake nitaisema kweli. Nilikuwa nimechoka kufunga vidonda. Mpiganaji akiua jitu, meza nzima hupiga kelele. Kasisi akimwinua mpiganaji yule yule aliyeanguka, watu husema, "Haya, zamu ya nani?" Basi siku tulipopanda sote daraja la 5, mimi sikupanda daraja la 5 la ukasisi. Nilitwaa daraja la 1 la upiganaji. Kwa hesabu nilikuwa sawa na wenzangu, lakini kwa kazi nilikuwa kasisi wa daraja la 4 tu, mwenye upanga.

Jumamosi ya pili tulifika kwenye daraja la mto lililolindwa na majitu mawili. Mimi nilikwenda mbio ng'ambo kupigana na la kwanza, na kwa kweli nilipigana vizuri, nikashangiliwa. Nyuma yangu la pili likamwangusha mpiganaji wetu. Kasisi ana neno la uponyaji ambalo aweza kulitamka toka mbali, lakini halivuki futi 60, nami nilikuwa nimekwisha kupita hapo. Jitu likampiga tena amelala. Kwa kanuni, pigo la namna hiyo huhesabiwa kukosa mara mbili, na wa kukosa mara tatu amekufa. Akachomoa karatasi yake, ikatoka 6. Akafa.

Mchezaji wake ni mdogo wetu wa darasa la 9, na mtu wake huyo alikuwa amempa jina la babu yake. Hakulia. Alinitazama akasema, "Kaka, almasi tunayo."

Alisema kweli. Iko dua ya kumrudishia uhai mtu aliyekufa, ikiwa dakika moja haijapita. Yataka almasi za thamani ya vipande 300 vya dhahabu, nasi tulikuwa tumezinunua kwa mchango wa wote, zikawekwa mfukoni mwangu. Nilimfikia kabla dakika haijaisha. Lakini dua ile ni ya cheo cha tatu, na kasisi huipata afikapo daraja la 5 la ukasisi. Mimi nilikuwa wa la 4. Nilisimama juu ya maiti na almasi mkononi, sina neno la kusema.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Wako wanaonitetea, nao wana hoja zao. Wa kwanza husema, "Kasisi asiyeweza kujilinda hufa mbele ya wote, naye akifa, nani atamponya?" Ni neno zuri, lakini kanuni zimekwisha kulijibu. Kasisi wa Uhai, ambaye ndiye wa pekee katika kanuni zetu hizi za bure, huvaa deraya nzito na kushika ngao tangu daraja la 1. Kinga anayo. Upanga haukumwongezea kinga, ulimwongezea hamu ya kwenda mbele.

Wa pili ana akili zaidi. Asema kwamba mtu akianza maisha yake kwa upiganaji, ndipo akaingia ukasisini, mwili wake hustahimili zaidi, hata apigwapo dua aliyoishikilia haimponyoki upesi. Hilo nalikubali. Ila na atazame bei yake: dua zote kubwa zitamfikia nyuma ya wenzake kwa daraja moja, daima. Huenda daraja moja ni kitu kidogo. Kwetu sisi lilikuwa mtu mmoja.

Wa tatu alitaja historia ya kwetu, naye ndiye aliyenisumbua zaidi. Vita vya ukombozi vilianza Chai, katika jimbo letu hili la Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964. Akina mama na wasichana walibeba risasi na chakula kichwani, wakavuka misitu. Mwaka 1967 FRELIMO ilianzisha Destacamento Feminino, wasichana wakafundishwa bunduki. "Je," akaniuliza, "hao hawakuchanganya kazi? Na nani athubutu kusema walikosea?"

Nilifikiri juma zima. Jibu langu ni kwamba walichanganya, wala hawakukosea, kwa sababu hawakuutua mzigo. Waliendelea kubeba, kuuguza na kutunza yatima, na bunduki ililinda kazi hiyo. Mimi nilitwaa upanga ili niondoke kwenye kazi yangu. Tofauti ni hiyo, wala haimo katika kitabu cha kanuni.

Sisi wa pwani hii, toka Palma mpaka Mocímboa da Praia, hatuna haja ya kufundishwa hayo na Wamarekani. Chomboni yuko kijana wa kufua maji. Hakuna amsifuye. Akiacha kata yake akavute kamba pamoja na wengine, kamba itakuwa imepata mkono mmoja zaidi, na chombo kitajaa maji. Padre mlezi wetu, tulipomweleza mambo haya, alicheka akasema kwamba kasisi wangu alipenda makofi kuliko ibada. Nilicheka pia, lakini neno lile lilinichoma.

Basi maoni yangu ni haya. Kasisi asichanganye kazi kabla ya kufika daraja la 5 la ukasisi, isipokuwa kundi lina kasisi mwingine. Baada ya hapo, akitaka kazi ya pili, kwanza awaulize wenziwe mezani, maana maisha anayoyachezea ni yao. Tena achague kazi itakayosaidia ile ya kwanza, si ya kumtoa kwayo. Na ninyi mnaocheza pamoja naye, msimwache akafanya kazi bila shukrani. Kama ningalisikia "ahsante" mara moja moja, labda nisingalitamani upanga. Silisemi hili ili nijitetee, bali ndivyo wanadamu tulivyo.

Mdogo wetu ameandika mtu mpya, mwivi safari hii, na hajampa jina la mtu wa kwao. Mimi sasa ni kasisi wa daraja la 6, na la upiganaji limebaki moja lile lile, kwa kuwa kanuni haziruhusu kulirudisha. Mwenye mawazo mengine na aandike, au aje Jumamosi baada ya chakula cha jioni. Kopo liko mezani.