Modele ya kompyuta inaanzia mu sanduku ya karoti

Siku hizi mu mine nyingi za Lualaba na Haut-Katanga, mbele pele haijashuka mu shimo, kuna watu wamekwisha kuchimba ile shimo mu kompyuta. Rangi nyekundu njo shaba mingi, rangi ya bluu njo kidogo, na kuna mistari inayoonyesha ukuta utasimama wapi na barabara ya kamyo itapita wapi. Ile picha wanaita modele ya jeolojia. Wanaitengeneza na programu kama Leapfrog, Surpac, Datamine ao Micromine.

Wafanyakazi wengi wanasema: ile ni mambo ya biro, sisi inatuangalia nini? Sisi wa sindika tunajibu: inatuangalia sana. Plani ya mwezi inatoka mu modele. Prime inapimwa juu ya plani. Ukuta wa shimo, kama utakuwa mukali ao wa kulala, wanaukata kufuatana na mawe na nyufa zilizo mu modele. Modele ikiwa mubaya, posti inachimba usiku na muchana, teneri haifiki, na mwisho wa mwezi watu wanaambiwa hawakutumika muzuri. Na siku ingine si prime inayopotea, ni mutu.

Neno yetu ya leo ni hii: kompyuta haijui jiwe. Inajua paka kile mutu aliandika pembeni ya sondaje. Kwa hiyo yule anayeandika, namna analipwa na namna anasikilizwa, ni sehemu ya modele. Tunaandika hii juu ya wasondere na wale wanaopanga karoti, juu ya vijana wetu wanaosoma jeolojia ku Lubumbashi na ku Kolwezi, na juu ya wazazi wanaowalipia minervale.

Tuanze na namna inafanyika. Sondere anatoboa shimo hapa, halafu ingine mbali na hapo metre 25 ao 50. Karoti inayotoka ni nene kama mukono wa mutoto. Kati ya shimo na shimo, hakuna mutu aliyeona kitu. Programu inakisia. Danie Krige, mwenye alitumika mu mine za zahabu za Afrika ya Kusini, alionyesha mu 1951 kwamba makisio yanadanganya kwa namna moja: mahali walifikiri iko tajiri sana, wakichimba wanakuta kidogo, mahali walifikiri iko masikini, wanakuta zaidi. Mufaransa Georges Matheron alitengeneza hesabu ya kurekebisha ile kosa, na akaiita krigeaje juu ya kumupa Krige heshima. Leo mashini inafanya krigeaje kwa dakika chache. Kazi ya nguvu iko mbele ya pale. Hii njo mambo tunataka kila kijana anayeketi mbele ya programu ayashike.

Ya kwanza ni sanduku. Kama sondere alitoboa metre 3 na karoti iliyotoka ni metre 1 na nusu, iandikwe vile vile: nusu ilipotea. Kwetu hii ni jambo kubwa, juu RSC iko na matundu mengi na karoti inavunjika ao inapotea humo. Na nafasi tupu mu tablo si ziro. Ziro maana yake labo ilitafuta shaba, haikuona. Nafasi tupu maana yake hakuna mutu aliyetafuta. Ukiacha programu ikamate nafasi tupu kama ziro, teneri inashuka bure. Ukiiacha iruke zile nafasi bila kujua sababu yake, inaweza kupanda bure.

Tena, karoti ipasuliwe katikati: nusu iende ku labo, nusu ibakie mu sanduku. Watu wakumbuke habari ya Bre-X, kampuni ya Kanada iliyosema iko na zahabu nyingi kule Busang, Indonesia. Hesabu zilifika zaidi ya onsi milioni 70. Mu 1997 ikajulikana kwamba watu walikuwa wanatia zahabu ya nje mu eshantiyo. Karoti walikuwa wanaisaga yote, hawakuacha nusu ya kuhakikisha. Hesabu za kompyuta hazikuweza kuona ule uwongo. Zilipewa uwongo, zikaupanga muzuri.

Ya pili ni mahali pa shimo. Kwetu kuna mashimo mengi ya zamani, ya wakati wa Union Minière na wa Gécamines, na mengi yaliandikwa mu karatasi na vipimo vya pale pale ku mine. Mashimo ya leo yanapimwa na GPS, mu eneo 35 ya kusini. Ukichanganya bila kubadilisha, unajenga nyumba na metre mbili zisizolingana. Mbele ya kazi yote, fungua mashimo yote ku ekra pamoja na sura ya udongo. Shimo ambayo mudomo yake inaelea mu hewa ao imezikwa chini, iko na kosa. Angalia pia kama shimo ilipimwa namna ilijikunja. Shimo ya metre 200 iliyopinda digri 5 tangu mwanzo, chini yake iko mbali karibu metre 17 na mahali unafikiri. Metre 17 inatosha kukosa mukanda muzima wa madini.

Ya tatu, na hapa Katanga ina mambo yake. Majiwe yetu ya shaba na kobalti hayakulala kama godoro. Ku Kolwezi na ku Fungurume, zile tabaka za mine zilivunjika na kusukumwa, zikabakia vipande vipande ndani ya breshi. Wajeologo wanaviita ekayi, ni kusema magamba. Ndani ya gamba moja unakuta mukanda wa chini na mukanda wa juu, na RSC katikati. Programu za leo zinapenda kuunga. Zikiona shaba hapa na shaba kule, zinachora mwili moja muzuri, laini kama muhogo. Lakini pengine ni magamba mawili, na katikati ni breshi bila kitu. Posti inatumwa kuchimba ile katikati, inatoa udongo mutupu, na lawama inaangukia shefu wa posti. Kwa hiyo kijana achore kwanza nyufa na mipaka ya magamba, akate, halafu aache programu ikisie ndani ya kila gamba peke yake. Na mbele ya kuamini ile mipaka, ashuke mu shimo ayaangalie na macho.

Ya ine ni aina ya jiwe na uzito wake. Juu, mahali mayi ya mvua ilipita, kuna malakite na heterojeniti. Chini zaidi kuna madini yenye salfa, kama kalkopirite na karolite. Ya juu inayeyuka mu asidi. Kalkopirite na karolite zinaomba njia ingine ya usine. Ukizichanganya mu modele moja, usine inapokea kitu ambayo haikujitayarishia. Na jiwe lililooza liko na matundu, uzito wake ni mudogo. Tufanye hesabu. Bloku ya metre 10 kwa 10 kwa 5 ni metre kibe 500. Ukitia densite 2.6, unapata tani 1,300. Kama densite ya kweli ni 2.1, ni tani 1,050. Tani 250 zimepotea mu bloku moja, na hakuna mutu aliyeiba. Densite ipimwe kwa kila aina ya jiwe. Kutia namba moja mu shimo yote ni kujidanganya.

Ya tano ni vitupu na mayi. Kila mutu anayeishi karibu na mine za Kolwezi anajua kwamba chini kuna njia za wachimbaji wa mukono. Zingine ni za zamani, zingine za juzi. Pele inaweza kuzama humo. Zile njia lazima ziingie mu modele, pamoja na nyufa na mahali mayi inatoka. Mu mwezi wa tatu 2016, ukuta wa shimo ya KOV ku Kolwezi ulianguka, wafanyakazi 7 wakafa. Hatusemi kwamba ni kompyuta iliwaua. Tunasema kwamba ukuta wa shimo si kitu cha kukisia mara moja na kuacha. Mutu wa kwanza kuona ufa mupya ni konda wa pele, ni yule wa pompi, ni yule anayetoboa juu ya dinamiti. Neno yake ikibakia mu kayé ya posti, haifiki ku modele, ni kama hakusema kitu.

Ya sita ni kulinganisha kila mwezi. Modele ilisema tutatoa tani ngapi, na teneri gani? Mashimo ya dinamiti yalionyesha nini? Usine ilipokea nini? Kama tofauti inarudia kila mwezi upande moja, si wafanyakazi wanaochoka kila mwezi. Ni modele inayoomba kutengenezwa.

Sasa tunaomba mambo tatu, na tunataka kila delege ayapeleke ku mukutano.

Moja: sondere asilipwe juu ya metre peke yake. Mutu anayelipwa kwa metre anakimbia, na akikimbia karoti inavunjika mu shimo. Prime yake iangalie pia karoti iliyotoka nzima. Kampuni haitapoteza makuta. Itapoteza zaidi ikijenga plani juu ya karoti iliyokosekana.

Mbili: Code du travail ya 2002 inataka komite ya usalama na usafi ku kazi. Mu ile komite, ufa, kitupu na mayi ambayo posti ilisema, vionyeshwe ku ekra: viliingia mu modele siku gani, na nani aliviangalia.

Tatu: mbele ya kukata prime juu ya teneri, delege aonyeshwe ile hesabu ya kulinganisha. Tunajua direksio zingine zitajibu kwamba modele ni siri ya kampuni. Siri ya kuuza shaba wabakie nayo. Sisi hatuombi kujua bei ao akiba ya mine. Tunaomba paka zile namba mbili tatu ambazo mushahara wetu unategemea, na ule ukuta ambao watoto wetu wanatumika chini yake.

Kwa vijana: wengi wanalia kwamba lisansi ya zile programu ni bei kali, na ni kweli. Lakini QGIS ni bure juu ya kupanga mashimo ku karte. SGeMS ni bure juu ya kujifunza krigeaje. GemPy ni bure kwa yule anayejua kidogo kuandika Python. Mwenye kujifunza pale kuangalia densite, nafasi tupu na nyufa, hatashindwa siku kampuni itamupa programu ya bei kali. Na yule anayeshika programu ya bei kali bila kujua jiwe, atachora rangi tu.

Ku mukutano wa delege unaokuja, kila ekipi ilete orodha ya nyufa, vitupu na mayi iliyoona mwezi huu, na tarehe ilisema kwa shefu. Tutaiweka pembeni ya kile kiko mu modele, tuone nini inakosekana.